Mahali Mistari Ilipobanana

Jumamosi moja mwaka huu, asubuhi, binti yangu alitandaza ramani juu ya meza yetu ya kulia hapa Whitehall, pembeni mwa Columbus, na kuisukuma pembeni sahani yangu ya chapati bila hata kuniomba. Ilikuwa kazi ya shule. Walikuwa wamepewa nakala ya ramani ya zamani ya nchi ya wafugaji huko magharibi mwa Marekani, nyanda za juu zilizo kavu kama jangwa, pamoja na maswali ya kujibu. Karatasi nzima ilijaa mistari ya kahawia, myembamba kama nywele, mingine imetawanyika, mingine imesongamana. Swali lililomshinda lilikuwa hili: mfugaji amekaukiwa na kisima, je, ng'ombe wake atawapeleka kwenye maji gani, na kwa njia ipi? Yeye alikuwa amechukua penseli na rula, akachora mstari ulionyooka kutoka kisimani hadi kwenye mto.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe changu cha chai. Nikamwambia, "Hapo utawavunja miguu."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ningejuaje mimi, mtu ambaye hata kwenda dukani huongozwa na simu. Hakusema kwa ubaya. Nikaketi. Nikamwonyesha kwamba mto wake ulichorwa kwa vipande vipande vya buluu, maana yake una maji wakati wa mvua tu. Nikamwonyesha kibanda cheusi kilichoandikwa kuwa ni mahame, na zizi kando yake, na jinsi aliyeishi pale alivyojenga nyumba ikiupa upepo mgongo. Kisha nikaweka kidole kwenye chemchemi ndogo nyuma ya mlima na kuirudisha polepole hadi kisimani, nikipita mahali mistari ilipoachana, ambako mteremko si mkali. Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Akauliza ni nani aliyenifundisha.

"Mwalimu," nikasema. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba ili asinisikie nikilia.

Kwa hiyo nakusimulia wewe, ndugu yangu, maana yeye bado sijajua nitamwambiaje.

Kwetu ni juu, juu sana, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, ambako mtu wa kando ya ziwa akipanda hufika akihema na meno yakigongana. Asubuhi ukungu ulilala bondeni mpaka jua lipate nguvu, na kabla hujamwona ng'ombe hata mmoja ungewasikia wakikata majani, krr, krr, pande zote. Baba alikuwa na ng'ombe wenye pembe ndefu, kila mmoja na jina lake, na alipowaita kwa sauti ile ya kuvuta kutoka tumboni waligeuza vichwa kwa pamoja. Mama alifariki siku niliyozaliwa. Nililelewa na nyanya, mama yake baba, mwanamke mwenye viganja vigumu na kiko ambacho alikificha chini ya kitenge kila pasta alipopita.

Kazi zangu zilikuwa kuzoa samadi zizini, kukatia ndama majani laini, na kuosha vyombo vya mti vya maziwa. Kuosha tu hakukutosha. Nyanya aliwasha majani fulani makavu, nikaviinamisha vyombo juu ya moshi mpaka macho yakaniwasha, na maziwa yaliyowekwa humo yalibeba harufu ambayo sijaikuta tena popote. Jioni tulikula ugali wa mahindi na maharage, tukashushia na maziwa ya mgando, na nyanya akanisuka nywele kwa mikono inayonuka siagi. Ukitikisa kichwa alikugonga kwa kitana.

Mwalimu hakuwa mtu wa kabila letu. Alitoka chini, kando ya ziwa, kijana mwembamba aliyevaa makoti mawili kwa pamoja. Tulimpelekea maziwa kila siku kwa heshima, naye aliyapokea kwa mikono miwili, na miaka miwili ilipita kabla hatujagundua kwamba yalimharibu tumbo na kwamba anayenenepa ni paka wake. Shule ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye paa la bati. Ukutani kulikuwa na ramani ya milima yetu iliyochorwa zamani za Wabelgiji, kona moja imeliwa na mbuzi. Vitabu hatukuwa navyo, basi mwalimu alitufundishia kila kitu kwenye ramani hiyo: kuhesabu, kusoma, Kifaransa. "Mistari ikiachana, pumzika," alitukaririsha. "Mistari ikibanana, miguu italia." Tuliimba hivyo tukikimbia kwenda nyumbani.

Siku moja nyanya alikuja kuiona. Aliitaka ishushwe, akaigeuza chini juu, akasema maji hayawezi kupanda. Kisha akamwomba mwalimu amsomee jina la chemchemi yetu kama lilivyoandikwa pale. Aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Hilo, alisema, si jina la chemchemi. Ni jina la mtu aliyewabebea wale Wazungu mizigo, mjomba wake, mlevi mkubwa. Mwalimu alifuta jina lile kwa kalamu na kuandika la kweli, na tangu siku hiyo alimwita nyanya mkaguzi.

Kwenye benchi langu nilikaa na binti wa jirani. Alinizidi mwaka mmoja. Mama yake ndiye aliyeninyonyesha miezi yangu ya kwanza, baada ya mama kufariki, kwa hiyo tulikuwa zaidi ya marafiki. Tulikuwa na daftari moja. Yeye aliandika mbele, mimi niliandika kuanzia nyuma, na tulikuwa tunangoja tukutane katikati.

Hatukukutana. Kiangazi cha mwaka wangu wa kumi, habari zilianza kutufikia kutoka vijiji vya chini: nyumba zimechomwa, ng'ombe wameswagwa, wachungaji wameuawa. Wanaume wakakusanya ng'ombe wote wa kijiji na kuwaficha kwenye bonde la mviringo nyuma ya mlima, ambalo ukipita njia ya chini huwezi kuliona. Baba alikuwa huko. Mimi nilikuwa nimempelekea chakula mara mbili. Kwenye ramani ya shule bonde lile lilikuwa duara lenye mistari iliyoachana na tone la buluu katikati. Nilipoligundua nilifurahi sana, na sikumwambia mtu.

Asubuhi watu wenye bunduki walipokuja, mwalimu alikuwa anaita majina. Rafiki yangu hakuwepo. Jana yake alikuwa na homa. Tulisikia risasi mbili kutoka chini, kisha nyingi. Mwalimu akatuamuru tulale chini ya mabenchi. Waliingia saba au wanane, wengine na makoti ya kijeshi, wengine na kaptula, matope hadi magotini. Usiniulize walikuwa wa nani. Miaka ile kila upande ulikuwa na bunduki, na sisi tulioelekezewa hatukuwa na nafasi ya kuuliza.

Mkubwa wao alivaa kofia ya sufu nyekundu, ya kike. Alimuuliza mwalimu ng'ombe wako wapi. Mwalimu akasema yeye anafundisha, hachungi. Wakauweka mkono wake juu ya meza na kuuponda kwa kitako cha bunduki. Nilisikia vidole. Wakamuuliza tena, akajibu yaleyale, sauti yake imekuwa nyembamba. Wakamvuta mvulana mkubwa wa benchi la nyuma, wakampiga panga begani mbele yetu, na damu ikaruka mpaka kwenye nywele zangu. Alianguka bila kulia. Ndipo mwenye kofia akaiona ramani. Aliing'oa ukutani, misumari ikaruka, akaitandaza chini.

"Nani anajua kusoma hii?" akauliza. "Kama hakuna, tunaanza na benchi ya mbele."

Nikanyoosha mkono. Mpaka leo sijui kwa nini niliunyoosha kama mtu anayejibu swali la darasani. Nikatambaa mpaka kwenye ramani, nikapiga magoti. Nililiona lile duara mara moja. Nilimwona baba humo, na fimbo yake. Kidole changu kikalipita. Kikaenda mbali, upande wa mashariki, kwenye korongo la mawe ambako hakuna aliyechunga wala kujenga, ambako mistari ilibanana mpaka ikawa kama doa. Nilifikiri: watatembea nusu siku, miguu italia, watakuta mawe.

"Ni hapa," nikasema.

Mwenye kofia akamgeukia mwalimu. Mwalimu alikuwa ameinama juu ya mkono wake. Alikitazama kidole changu kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kunigombeza kwa kosa la herufi moja, na alijua kabisa kilikuwa wapi.

"Huyu mutoto anasoma kupita wote," akasema. "Ni hapo. Nitawaonyesha njia."

Wakamfunga kamba kiunoni. Alipofika mlangoni aligeuka na kutuambia maneno aliyotuambia kila siku saa ya kwenda nyumbani.

"Bon. Fungeni madaftari."

Wengine waliobaki nyuma walichoma nyumba. Nyanya alinipata nikiwa nimeshika bega la yule mvulana kwa mikono miwili, kana kwamba ningeweza kuirudisha damu, lakini alikuwa amekwisha kufa. Alinivuta. Tulikimbilia vichakani, nyuma yetu mabati yakilia kwa moto. Saa sita hivi nikasikia milio kutoka upande wa korongo, midogo, kama mtu anavunja vijiti. Nilifurahi. Nitakuambia ukweli wangu wote: nilifurahi. Nilifikiri wanayapiga mawe kwa hasira.

Jioni jirani yetu, mama yake rafiki yangu, alitukuta pale vichakani. Alikuwa na mtoto wake mdogo mgongoni, mavazi yake yamelowa damu ambayo haikuwa yake, na hakuwa analia. Aliwaeleza wanawake waliokuwepo. Alfajiri mume wake alisikia kwamba watu wenye silaha wanapanda, akaichukua familia yake na kuipeleka kwenye korongo la mawe, kwa sababu huko haendi mtu. Mume wake ameuawa. Binti yake mkubwa ameuawa, kwa panga, mbele ya macho yake, wakati yeye amejibana ndani ya mwamba na kiganja chake kimeziba mdomo wa mdogo. Na mwalimu, walipoona hakuna ng'ombe, walimkata hapohapo.

Nilimvuta nyanya kando na kumwambia nilichofanya. Akanizaba kofi ambalo lilinilaza chini. Hakuwahi kunipiga hivyo kabla, wala baada. Kisha akaninyanyua na kunikandamiza kichwa tumboni kwake mpaka nikakosa pumzi.

"Neno hii utaifunga," akasema. "Utaifunga mpaka mimi nitakufa."

Ng'ombe wenyewe hatukuwaokoa. Siku mbili baadaye kundi lingine lilipita juu ya mlima na kuwaona. Wale walioweza kutembea waliswagwa, waliobaki walipigwa risasi wakiwa wamelala. Baba alirudi na fimbo tu. Tuliteremka, tukavuka mpaka, tukaishi kambini miaka mingi. Baba alifia huko, akitaja majina ya ng'ombe wake mmoja mmoja, kama mzazi anayewaita watoto waje kula.

Nilifika Louisville, huku Marekani, na nyanya nikiwa msichana mkubwa. Nilipata kazi kwenye ghala moja, kufunga maboksi, nikaolewa, binti yangu akazaliwa. Nyanya alimbeba mgongoni na kuzunguka naye kwenye maegesho ya magari, akilalamika kwamba nchi hii imelala chini kama mgonjwa. Alifariki huko. Siku tuliyomzika niliambiwa na moyo wangu kwamba sasa nimefunguliwa, naweza kusema, na nikagundua kwamba sitaki. Tukahamia Columbus, kwanza mtaa wa Linden, kisha hapa Whitehall, na kazi yangu sasa ni kuwahudumia wazee. Miaka miwili iliyopita, kanisani, mtu mmoja alinitajia kwamba jirani yetu wa kule juu, yule aliyeninyonyesha, yuko hai, anakaa Buffalo kwa binti yake. Nikasema, Mungu asifiwe. Namba ya simu niliichukua, na sikuipiga.

Ile Jumamosi ya ramani ndiyo iliyonisukuma. Wiki iliyofuata nilimwambia mume wangu tuna mtu wa kwenda kumsalimia, akaendesha gari mpaka North Buffalo bila kuuliza sana. Theluji ilikuwa bado imerundikana kando ya barabara, nyeusi kwa moshi wa magari. Jirani alikuwa amekuwa mdogo. Nilimkumbuka mwanamke wa kubeba mtungi bila kuushika. Niliyemkuta alikuwa amefunikwa blanketi kwenye kochi, miguu haifiki chini. Alinishika mashavu. Alisema ninafanana na mama yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona. Binti yake, yule mtoto wa mgongoni, sasa ni mwanamke mzima anayefanya kazi kiwandani, alituletea chai na mandazi.

Nilimwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba aliyewaelekeza kwenye korongo ni mimi, kwa kidole hiki. Mume wangu aliweka kikombe chini.

"Ulikuwa na miaka ngapi?" jirani akauliza.

"Kumi, mama."

"Wangu alikuwa na kumi na moja."

Akatazama dirishani. Kisha akaanza kueleza, polepole, kama mtu anayetoa vitu sandukuni. "Mwalimu alikuja mbele yao anasema kwa nguvu, Kifaransa, kama anafundisha. Hakuna muntu anafundisha mawe. Donc, basi, nikajua kuna hatari. Nikaingia kwenye mwamba na huyu. Bwana yangu akarudi kuchukua yule mukubwa. Homa ilimukamata, hakuweza kukimbia." Akavuta blanketi hadi kifuani. "Nimechukia muntu mwenye alituma wale watu. Kila siku nimemuchukia. Sikujua kama ni mutoto. Na sasa sijui nitaweka wapi hiyo chuki."

Sikuomba msamaha kwa maneno. Nilikuwa nimeyaandaa njia nzima, nikaona hayatoshi hata kujaza kikombe. Niliteremka kwenye kiti, nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, nikabaki hapo. Hakunigusa, na hakuniambia niondoke.

Aliyesema kwanza ni binti yake. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Aliuliza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiingereza dada yake alikuwa mtu wa namna gani, maana picha hawana, na mama yake hajawahi kumtaja hata kwa jina. Aliniuliza mimi. Nilimtazama jirani, aliendelea kutazama dirishani, na hakunikataza.

Basi nikamsimulia. Kwamba dada yake alikuwa na pengo la meno mbele na alitema mate mbali kuliko wavulana. Kwamba aliogopa vyura. Kwamba ng'ombe akifiwa na ndama na kukataa kukamuliwa, wanaume walimwita yeye, msichana mdogo, akajificha nyuma ya uzio na kulia kama ndama mpaka yule ng'ombe akadanganyika na kuachia maziwa. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumwomba. Nilijaribu kuigiza sauti ile. Ilitoka vibaya, kavu, sauti ya mtu mzima mwenye aibu kwenye sebule ya watu.

Jirani akainua kiganja. "Hapana," akasema. "Yake ilikuwa ya chini."

Akalamba midomo, akafumba macho, akalia kama ndama.

Walioenda kule juu miaka ya karibuni wanasema majani yamemeza njia zote, na pale shule ilipokuwa hakuna hata shimo la nguzo. Hakuna moshi wa vyombo vya maziwa, hakuna anayewaita ng'ombe kutoka tumboni, na watoto wetu huku hujua maziwa kwa rangi ya kifuniko. Chemchemi nadhani zingali zinatoka, bila mtu wa kuzitaja. Sauti ile ya jirani ilijaza chumba, ndefu, ya chini, yenye njaa, na binti yake akajishika kifua. Aliirudia mara tatu, kisha akanyamaza, na sisi wanne tukabaki tumetega masikio, kama watu wanaongojea ng'ombe ajibu.